Mjane wa Kuze na Mumewe

Mzee aliyemfungulia Truphosa mlango kule Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, Jumamosi moja saa nne za asubuhi, alikuwa amekufa tangu mwaka wa 1988. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika ukurasa wa mia na arubaini na mbili wa tasnifu ya Dakta Odera, na Truphosa alikuwa ameusoma ukurasa huo mara tatu. Mara ya mwisho alilazimika kutafuta kitambaa cha kufutia macho.

Marehemu alikuwa amevaa kikoi na fulana nyeupe, bisibisi mkononi, miwani ameipandisha juu ya paji la uso.

"Karibu, mwanangu. Wamtaka nani?"

"Shikamoo, mzee. Namtafuta Bi Mwanarusi. Yule..." Truphosa alitazama karatasi yake. "Yule mjane."

Mzee alifikiri kidogo, kisha akageuza shingo akaita ndani. "Mwanarusi! Kuna binti hapa yuwamtaka mjane. Nambie, mimi nimekufa lini?"

Huko ndani sufuria ilianguka. Halafu sauti ya mwanamke ikasema, bila haraka yoyote, "Mkaribishe akae. Siku hii nalijua itafika."

Truphosa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mchana alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na jioni na Jumamosi alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika sosholojia. Babake, mstaafu wa reli, alimlea Makupa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kisiwani, ingawa watu wakisikia jina lake humwuliza alifika Mombasa lini. Alitaka kuandika juu ya jambo lililomkera tangu utotoni: kwamba vitu vya wote mtaani, kama bomba, mtaro na uwanja wa watoto, huwa vina mtu mmoja anayeviamulia, na mtu huyo hajulikani alichaguliwa wapi. Sura ya nne ya pendekezo lake la utafiti aliipa jina fupi: "Siasa".

Dakta Odera, msimamizi wake, aliipiga sura ya nne mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe.

"Hii toa," alisema.

"Yote, Daktari?"

"Yote. Sikiliza, Truphosa. Enzi zetu mtu hakuweza kuandika habari ya kisima bila kuanza na ubeberu. Kisha ikaja enzi ya utamaduni, kila mtu akawa anauliza habari za ndoa. Ikaja ya maendeleo, ikaja ya usalama. Kila enzi na wafadhili wake. Sasa tuko enzi ya takwimu, na mimi nashukuru. Takwimu haijawahi kumpeleka mtu jela."

Truphosa hakuuliza nani aliyepelekwa jela. Ukutani, nyuma ya kiti cha mwalimu wake, kulikuwa na picha ya kijana mwembamba mwenye ndevu nyingi, ameinua ngumi mbele ya kipaza sauti. Mzee aliyeketi chini ya picha hiyo alikuwa amenyoa safi na shati lake lilikuwa na kalamu nne mfukoni.

Alimpa hojaji yenye maswali themanini na manne. Vyumba vingapi, ndoo ngapi, hatua ngapi hadi bombani. Hapakuwa na swali hata moja lililoanza na "kwa nini".

Ndipo sauti yake ikalainika kidogo. "Ukifika Kuze, mtafute Bi Mwanarusi, mlango wa kijani unaotazamana na madrasa. Kama bado yu hai. Ndiye Mama M. wa tasnifu yangu. Ndiye aliyenifanya niwe daktari." Akamwazima nakala yake mwenyewe, iliyochakaa pembe. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na maneno haya: *Kwa T., mchukuzi wa bandarini, aliyeuawa na mzigo usio wake.*

Sasa T. alikuwa ameketi mbele ya Truphosa akitengeneza feni.

Bi Mwanarusi alitoka jikoni na sahani ya kaimati na birika la chai ya tangawizi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka sabini na kitu, macho yametiwa wanja vizuri kama mtu aliyekuwa akitarajia wageni.

"Fomu ya idhini umekuja nayo?" aliuliza kabla hata ya kuketi.

"Ndiyo, Bibi."

"Leta nitie sahihi. Na jina langu usiandike. Andika M. Mimi siku zote ni M."

"Bibi," Truphosa alisema, "huyu mzee ni nani?"

"Huyu ni bwanangu, Taib. Hajafa. Kunywa chai kwanza, nikueleze."

Akaeleza. Mwaka ule wa 1988 alikuja kijana kutoka chuo, mwembamba, na koti la sufu katika joto la mwezi wa tatu. Kiswahili chake kilikuwa cha shule, kila neno limepigwa pasi. Taib alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo gatini na alikuwa amelala chumba cha ndani.

"Basi nalimwambia polepole asije akamwamsha. Nikamwambia, 'Tafadhali usipaze sauti, bandari imemuua bwanangu.' Akavua kofia. Nikamtazama, machozi haya. Nikasema labda kijana wa watu ana msiba kwao. Kesho yake akarudi na kilo mbili za sukari na majani ya chai, akanishika mkono, akasema, 'Mama, pole kwa yote.' Hapo ndipo nilipofahamu. Sasa ningemwambia nini? Mtu ameshalia!"

"Wiki tatu," alisema Mzee Taib, bila kuinua macho kutoka kwenye feni, "nilikuwa nikiingia nyumbani kwangu kwa mlango wa uani."

"Ungempasua moyo."

"Siku moja nilipiga chafya, ikabidi aambiwe ni mbuzi."

Truphosa alicheka mpaka chai ikamwingia puani. Halafu akakumbuka alichotumwa, akatoa hojaji. Bi Mwanarusi alijibu maswali yote themanini na manne kwa muda wa dakika ishirini, kama mtu anayetaja majina ya vituo kwenye njia aliyoizoea. Mara kwa mara alielekeza kidole kwenye karatasi: "Andika hapo." Walipomaliza, alingoja.

"Hayo tu?"

"Hayo tu, Bibi."

"Umeniuliza ndoo ngapi na hatua ngapi," alisema, akikusanya vikombe. "Wenzako waliniuliza mambo ya uongo, nami nikawajibu uongo. Lakini angalau waliniuliza."

Maneno hayo yalimfuata Truphosa hadi ofisini Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano akaomba ruhusa ya nusu siku akaenda maktaba ya chuo. Kama Bi Mwanarusi alisema "wenzako", basi kulikuwa na wenzake. Alishusha kila tasnifu iliyotaja Mji wa Kale tangu wakati huo, akazipanga mezani kama matofali, akaanza kutafuta mwanamke mwenye herufi moja.

Alimpata mara tatu zaidi. Katika tasnifu ya mwaka wa 1998, iliyohusu ndoa na utamaduni, alikuwa Bi M., mke mkubwa aliyemfungia mumewe nje siku alipoleta mke wa pili. Katika ile ya 2007, ya maendeleo, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama na mumewe alikuwa Muscat. Mwaka wa 2015, watafiti wa usalama walimkuta akiwa mama wa vijana watano wa kiume, asiyepata usingizi kwa wasiwasi juu yao. Nyumba ilikuwa ile ile, inayotazamana na madrasa. Na kila mmoja wa watafiti hao, kwa namna ya mtu aliyeguswa, alikuwa amenukuu maneno yake ya kuanzia: "Andika hapo."

Truphosa aliinama juu ya meza akacheka kimya kimya, mpaka mkutubi akaja kumwuliza kama anajisikia vibaya.

Alicheka, lakini alipotembea kurudi nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha. Vitabu hivyo vinne vilifundishwa. Yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza, alijibu swali la mtihani kuhusu Mama M. na akapata alama sabini na nane.

Jumamosi iliyofuata alirudi Kuze bila hojaji. Mzee Taib alikuwa ameketi barazani na jirani, wakibishana juu ya mpira. Bi Mwanarusi alikuwa ndani akichambua mchele.

"Bibi, una watoto wangapi?"

"Wawili. Wasichana. Mmoja ni nesi Malindi, mmoja yuko hapa Bondeni."

"Si vijana watano?"

Mikono ya Bi Mwanarusi ilisimama juu ya ungo. Alimtazama Truphosa kwa muda, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha kubwa, kama mtu aliyecheza kujificha miaka mingi bila kutafutwa.

"Umezisoma!" alisema. "Zote nne?"

"Zote nne. Bibi, kwa nini?"

"Wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza kwa nini." Akausukuma ungo kando. "Yule wa kwanza nalimdanganya kwa bahati mbaya, nimekwambia. Wa pili alikuwa mama wa Kizungu, mpole sana, alikuja na maswali yake ya mitala. Nikimwambia bwanangu hana mke mwingine, hana hata hamu, akunja uso. Nikimwambia yunaye, uso wang'ara. Nikasema basi, na ang'are. Wale wa maendeleo walitaka kikundi, nikawapa kikundi. Wale wa mwisho," na hapa sauti yake ikashuka, "wale sikuwapenda. Walikuwa wakiuliza watoto wa mtaa huu kwa majina. Watoto wa Mwanahawa wa pale nyuma, watoto wa mwalimu wa madrasa. Nikawaambia, wenye kutia wasiwasi ni watano na wote ni wangu. Na waende wakawatafute."

Truphosa alihisi kwamba swali alilolibeba kutoka Makupa lilikuwa limekaa hapa chumbani siku zote, likimsubiri aache kuhesabu ndoo.

"Dakta Odera ameandika," alisema polepole, "kwamba wanawake wa Kuze hawana siasa. Ni sura ya sita. Anasema mnapoteza muda mwingi kwenye arusi."

"Ameandika hivyo?"

"Ndiyo."

"Taib!" Bi Mwanarusi aliita. "Njoo! Njoo usikie! Yule kijana aliyekuua ameandika habari za arusi ya kiwanja!"

Mzee Taib aliingia mbio, na walivyosimulia walisimulia wote wawili pamoja, kila mmoja akimpokonya mwenzake maneno.

Nyuma ya madrasa kulikuwa na kiwanja, kidogo tu, cha kuanikia nguo na kuchezea watoto. Mwaka ule wa 1988 bwana mmoja mwenye jamaa wakubwa alipata karatasi za kiwanja hicho, akazungushia mabati. Wanaume wakashauriana, wakaogopa. Siku zile kukusanya watu bila kibali ilikuwa balaa, na kibali chenyewe hakipatikani. Bi Mwanarusi na wenzake wakakaa jikoni kwake siku mbili. Siku ya tatu walitoka na mikeka, ngoma na masufuria ya pilau, wakaingia kiwanjani, wakaanza arusi.

"Mkutano wataka kibali," alisema Bi Mwanarusi. "Arusi yataka kibali cha nani?"

Arusi ilikwenda siku saba. Askari walikuja siku ya pili wakauliza bibi arusi ni nani. Wakaambiwa hatazamwi mpaka siku ya saba. Wakaondoka na sahani za pilau. Mabati yaliondolewa moja moja, kwa heshima, ili yazibe upepo usizime moto wa wapishi. Kufika siku ya saba hapakuwa na ua, wala hapakuwa na bibi arusi, na yule bwana mwenye karatasi, aliyekuwa amechekwa kutoka Kuze hadi Bondeni, hakuonekana tena.

"Na Dakta Odera alikuwa wapi wakati huo?"

"Kwenye mkeka!" alisema Mzee Taib. "Ndiyo maana nakumbuka vizuri. Nilishindwa kuhudhuria arusi ya mke wangu mwenyewe kwa sababu yuko pale anakula. Siku saba!"

"Mbona hamkumwambia?"

Bi Mwanarusi aliuvuta ungo karibu tena. "Alikuwa kijana mzuri," alisema. "Lakini alikuwa na kalamu. Angejua, angeandika. Angeandika, wangesoma."

Truphosa alipoingia ofisini kwa Dakta Odera Jumatatu jioni hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianza vibaya.

"Daktari, T. hajambo. Anakusalimia."

"T. gani?"

"T. wa tasnifu yako."

Kwanza Dakta Odera alidhani ni mzaha. Kisha, kadiri Truphosa alivyoeleza, alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Alipofika kwenye chafya na mbuzi, mzee wa watu aligeuka akatazama dirishani.

"Yule mbuzi namkumbuka," alisema. "Nimemtaja katika maelezo ya mazingira."

Akaipangusa miwani. Halafu akasema, "Nilisimamisha ukumbi mzima kwa ajili yake, unajua? Mkutano wa wanataaluma, Nairobi. Watu mia mbili walisimama dakika moja kimya." Ghafla alikasirika. "Na wewe unataka kuandika haya? Kwamba msimamizi wako alilishwa uongo na pilau?"

"Nataka kuandika kuhusu kiwanja, Daktari. Na kuhusu sisi tunaouliza. Kila kizazi kilikwenda na siasa yake mfukoni, hata wale waliosema hawana. Hata hojaji yangu ya ndoo. Kuamua kutomwuliza mtu jambo ni siasa pia."

"Kamati haitakubali."

"Labda. Lakini wewe?"

Dakta Odera alianza kupanga karatasi zake. Truphosa aliondoka akiwa na hakika kwamba amejiharibia. Siku nne hakupata simu wala ujumbe, na kazini alikosea nambari za makontena mawili akakaripiwa. Siku ya tano, Jumamosi, alimkuta Dakta Odera amesimama kwenye kona ya madrasa, shati limemganda mgongoni, mfuko wa sukari mkononi.

"Nimepita hapa mara tatu," alisema. "Nenda wewe mbele."

Mzee Taib ndiye aliyefungua mlango. Wazee hao wawili walitazamana. Dakta Odera alinyoosha mkono taratibu, kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto.

"Wewe ndiye T.?"

"Ndimi. Nasikia watu mia mbili walinisimamia."

"Dakika nzima."

"Wote?"

"Wote, mzee. Na profesa mmoja alilia."

Mzee Taib alimvuta ndani kwa bega, amefurahi kuliko siku yoyote ambayo mkewe aliikumbuka. Walipoketi, Dakta Odera alisema atayafuta maneno ya ukurasa wa kwanza. Mzee alikataa katakata. "Yaache! Wangapi wameandikiwa kitabu wakakisoma wenyewe?"

Bi Mwanarusi alikuwa amekaa upande wa pili, mikono mapajani, aibu ikimpita usoni na kuondoka. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Ulilia upesi mno."

"Ile arusi," alisema Dakta Odera. "Nilikula siku tano..."

"Siku saba."

"Siku saba. Niliandika idadi ya masufuria. Niliandika nyimbo. Nilikuwa natafuta siasa usiku na mchana, Mama, nilikuja Kuze kuitafuta, na nilikuwa nimeikalia." Halafu akawasimulia jambo ambalo Truphosa hakuwahi kulisikia darasani. Mwaka wa 1991 mtu fulani alipeleka daftari la mihadhara yake mahali fulani. Alikaa kituo cha polisi siku nne. Hakupigwa, alisema, alikuwa akisomewa tu maneno yake mwenyewe, saa baada ya saa, na kuulizwa alimaanisha nini. Alipotoka alinyoa ndevu, na muhula uliofuata akaomba kufundisha takwimu.

"Unaona, basi," alisema Bi Mwanarusi kwa upole. "Wangekuuliza pia habari ya arusi."

Kikao cha utetezi kilifanyika miezi saba baadaye, katika chumba chenye viti vya plastiki na feni moja. Profesa Mapenzi, mkuu wa idara, aliketi katikati. Mtahini wa nje, Dakta Mwende, upande wa kulia. Dakta Odera, kwa kuwa ni msimamizi, kwenye kona, akikunja na kukunjua leso yake. Wageni waliruhusiwa. Mara nyingi hawaji. Safari hii safu mbili za nyuma zilijaa mabuibui, na katikati yao Mzee Taib katika kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama wima yenyewe.

Dakta Mwende alikuwa mwanamke kijana, makini, aliyejulikana kwa kutopenda hadithi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo Truphosa alikuwa akiliogopa tangu siku ya ungo.

"Umetuonyesha kwamba mhojiwa huyu aliwadanganya watafiti wa tasnifu nne. Una uthibitisho gani kwamba hakukudanganya na wewe?"

"Kwa neno lake peke yake, sina," alisema Truphosa.

Nyuma, mkono mdogo uliinuka. "Nimemdanganya mambo mawili," alisema Bi Mwanarusi. "Matatu, mkihesabu umri."

Profesa Mapenzi aligonga meza watu wanyamaze, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameuma midomo.

"Ndiyo maana sikumtegemea yeye peke yake," Truphosa aliendelea. "Nilihoji wanawake arubaini na mmoja wa rika lake, mmoja mmoja, kila mmoja kwake. Thelathini na watatu wanaikumbuka arusi ile. Wametaja siku, wametaja wapishi, wametaja nyimbo zilizoimbwa. Niliwauliza wote bibi arusi alikuwa nani." Akageuza ukurasa. "Hakuna hata mmoja anayemkumbuka. Na kiwanja kipo, Daktari. Nimekipima."

Dakta Mwende alitazama jedwali. Alilitazama muda mrefu. Halafu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatabasamu na kuandika kitu pembeni.

Walimpitisha, kwa masharti ya kusahihisha. Sura ya nne ilirudishiwa jina lake. Bi Mwanarusi aliambiwa atatajwa kwa herufi moja kama kawaida, akakataa. Alisema sasa ameshazeeka na anataka jina zima, pamoja na la babake. Hilo likaleta mjadala wa maadili ya utafiti uliochukua wiki tatu na barua sita, na mwisho akapewa.

Dakta Odera naye aliandika makala fupi ya kurasa tisa, akiyaita masahihisho. Wenzake wengine walimpongeza. Wengine walimwambia faragha kwamba angenyamaza tu, nani angejua? Katika mkutano wa idara alipendekeza somo la siasa na jamii, lililofutwa miaka kumi na miwili nyuma, lirudishwe. Walibishana mchana mzima. Mmoja alisema sosholojia ikishika siasa itapoteza heshima, mwingine akasema heshima hiyo ilikuwa ya nani, na Profesa Mapenzi akaamua wapige kura. Wanne kwa watatu. Walioshindwa wakahakikisha somo limewekwa Ijumaa saa kumi jioni, wakati ambao kila mwanafunzi ameshavua viatu.

Walijiandikisha kumi na mmoja, wakaja tisa. Truphosa, ambaye sasa alikuwa mkufunzi msaidizi siku za Ijumaa, alikaa nyuma akashuhudia. Dakta Odera hakuwapa hojaji wala nadharia. Aliwauliza tu nani huamua kuhusu bomba la kwao. Kijana mmoja wa Tudor akajibu, msichana wa Majengo akamwambia amesema uongo, na muda si muda darasa zima lilikuwa limesimama. Kengele haikusikika. Ubishi ulitoka nao mlangoni, ukashuka ngazi, ukafika hadi getini ambako mlinzi aliacha redio yake akaingilia, kwa sababu na yeye kwao kulikuwa na bomba.

Dakta Odera alikuwa katikati yao, shati limechomoka, akipaza sauti. Jioni ile, kwa ubishi, alipitwa na feri mbili za kwenda kwake Likoni, na ya tatu nusura aikose.